Jina Lililowekwa Dau

Kipatimu, 2 Februari 1953

Kaka Laurenti, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mingoyo na wanafunzi wako bado hawajakutoa roho. Sisi huku tupo. Mama anakusalimu sana. Mguu wake unauma mvua ikikaribia, na ikifika unauma zaidi. Mume wangu Romani anapasua mbao za misheni, akirudi jioni hata usingizini mkono unakwenda mbele na nyuma. Ignasi amemeza kifungo cha shati la baba yake, kile cha shingoni, na tangu juzi tunamfuata nyuma kila anapokwenda kichakani. Bado.

Habari kubwa ni kwamba nimejifungua. Mtoto ni mzima, ana sauti, ananyonya kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna. Padre alikuja siku ya tatu akammwagia maji, akampa jina la mtakatifu wa kalenda, jina refu kama njia ya Likawage. Hapa hakuna aliyeweza kulifikisha mwisho. Sasa tunangoja jina la nyumbani, nalo unajua ni la nani kulitoa. Kwetu anayetoa ni mjomba, na mjomba ni wewe peke yako. Mpaka jina lako lifike mtoto anaitwa Mgeni, kama tulivyoitwa sisi wote.

Usisahau lile jambo la jino. Jino likitoka kabla ya jina, haki inahamia upande wa baba, na upande wa baba maana yake ni mama mkwe wangu Natalia. Yeye amekwisha chagua. Anataka mtoto aitwe Tabu, kwa sababu siku niliyojifungua paa lake lilivuja. Kaka, hebu fikiri. Tabu, njoo ule. Tabu, lala. Kila jioni nisimame mlangoni niite Tabu iingie nyumbani kwangu.

Mistari inapanda kwa sababu mtoto yuko begani. Tuma jina. Liwe fupi.

Mdogo wako,
Apolonia


Mingoyo, 1 Machi 1953

Mpendwa Apolonia, marahaba, na milele amina.

Barua yako ilifika imelowa, nikaianika juu ya dawati, darasa zima likajua habari za kifungo kabla yangu. Mimi sijambo, ila kikohozi cha chaki. Njia zote zimekatika. Malori ya kwenda bara yamekwama hapa njia panda na madereva wamejaa kila kibaraza.

Hongera sana kwa kutuletea kidume. Kuhusu jina, elewa kwamba jina haliokotwi. Nimeanza kwa kuandika majina yote ya ukoo, nikatoa ya walioliwa na simba, nikatoa ya wezi wa kuku, nimebakiwa na kumi na moja. Haya nayapima moja moja.

Utakumbuka nilikueleza juu ya poka, mchezo wa karata niliofundishwa na yule Mzungu mpima ardhi niliyemshikia mnyororo wa kupimia likizo ile. Unapewa karata tano, unabadili zile usizozipenda, kisha unaweka dau au unatupa. Watu hudhani ni bahati. Ni hesabu. Katika karata hamsini na mbili unaweza kupata mikono ya karata tano milioni mbili, laki tano, elfu tisini na nane, mia tisa na sitini. Nimeipata mwenyewe kwa kalamu, hakuna aliyenisaidia. Sasa kwa kuwa madereva hawana kazi, tumeanzisha Mashindano ya Masika kibandani kwa fundi cherehani mmoja anayeitwa Kibwana. Tunachezea korosho, kwa hiyo Padre asiwe na wasiwasi. Mshindi wa jumla atachukua birika la bati lenye maua. Kwa hesabu zangu mshindi ni mimi.

Lakini haya hayanizuii. Kwa hakika jina la mtoto ndilo jambo la kwanza ninalolifikiria kila niamkapo.

Kaka yako,
Laurenti


Kipatimu, 25 Machi 1953

Kaka, shikamoo.

Barua yako imekaa Kilwa wiki nzima ikingoja mto upungue. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Romani hajambo. Kifungo bado, na sasa Ignasi anaona fahari, watoto wenzake wanamsindikiza.

Niliposoma "kwa hakika" niliiweka barua chini. Ulipokula maandazi ya Noeli ya Mama, yote, mpaka yaliyotengwa kwa ajili ya Padre, ulisema kwa hakika ni paka. Hatukuwa na paka. Tangu siku ile nikikusikia unasema kwa hakika naanza kutafuta makombo.

Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu: jina liko wapi?

Huku mambo si mepesi. Juzi nilikuwa nafua, nikamwambia Mama kwa sauti, "Mgeni amejikojolea tena, hebu mtoe kitandani kwa Romani." Padre alikuwa anapita. Aliingia kofia mkononi, anauliza huyo mgeni ana umri gani na kama ameungama. Tulipomwonyesha mtoto alicheka, lakini alichekea nje.

Mama mkwe naye anafika kila asubuhi kumsalimu mjukuu, na salamu zenyewe ni kidole. Anakiingiza mdomoni, anapapasa ufizi huku na huku kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Akikosa anasema, "Hamna neno, nitarudi." Jana alimwita Tabu kwa kujaribu tu, aone kama inakaa. Mtoto akageuka. Nadhani aligeukia kuku, lakini mama mkwe alitoka hapa anaimba.

Mimi silali vizuri, kaka. Nikipata nafasi ya kukaa nasahau kwa nini nilisimama. Usiniongezee na hili.

Apolonia


Mingoyo, 20 Aprili 1953

Mpendwa mdogo wangu.

Salamu kwa Mama, kwa Romani, kwa Ignasi na kifungo. Mimi mzima. Nakula. Mwambie Mama nakula sana, pengine kuliko inavyofaa.

Mashindano yamekwisha kwa namna ambayo bado naichunguza.

Ufizi je? Na hebu nikuulize jambo la kawaida tu, kama ndugu. Mtoto akiitwa jina la kipwani, la heshima, jina ambalo mtu yeyote angeweza kuwa nalo, kwa mfano fundi, Mama atachukia sana, au kiasi?

Nauliza tu. Kwa hakika jina lipo, na liko mahali salama.

Laurenti


Kipatimu, 12 Mei 1953

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo, Romani hajambo. Kifungo kimepatikana. Usiulize wapi. Nimekichemsha mara mbili na kukiweka kwenye kikombe, na hakuna anayetaka kukishona.

Njia imefunguka na lori la kwanza limemleta Valentini, yule mchuuzi wa vitambaa anayekuja kwetu kila mwaka. Alinikuta napeta mpunga, mtoto mgongoni. Akanisalimu, "Hongera, Mama Kibwana."

Nikamwambia, "Shemeji, umesahau. Mimi ni Mama Ignasi."

"Kwa sasa," akasema.

"Kibwana yupi?"

Akakohoa. Akaanza kunionyesha kanga. Mtu aliyepanda mlima wetu kwa siku mbili, nusu ya shehena yake ikibaki matopeni, haonyeshi kanga kwa haraka namna ile. Nikashika ncha ya kanga, yeye akashika nyingine, nikamwambia siachi mpaka aseme. Akasema, "Mama, mimi sikuwa mezani. Nilikuwa nimesimama dirishani tu, nikaona mwalimu ameweka jina."

Nikamuuliza ameweka wapi. Akasema katikati, pamoja na korosho.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Sikumwona alipoingia, nilisikia kicheko.

Kaka Laurenti, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Umenibeba mgongoni mimi, umenifundisha kusoma hizi herufi ninazokuandikia. Sasa kaa chini uandike ulichofanya na jina la mwanangu. Usiniwekee hesabu.

Apolonia


Mingoyo, 30 Mei 1953

Apolonia mdogo wangu,

Salamu kwa wote, hasa kwako, ingawa najua leo hazipokelewi.

Nililicheza. Nikashindwa.

Ilikuwa hivi. Siku ya mwisho ya mashindano nilibaki mimi na Kibwana fundi. Nilipewa malkia watatu na saba mbili. Umesema nisiweke hesabu, kwa hiyo nasema tu kwamba mkono kama huo mtu huuota. Kibwana akaongeza dau. Nikanyoosha mkono kwenye kikapu changu cha korosho nikagusa kitako cha kikapu. Asubuhi kilikuwa kimejaa. Sikuwa nimeshindwa hata nusu yake. Nilizila, Apolonia. Nikifikiri, mkono huenda wenyewe. Niliula mtaji wangu wote moja moja, huku natafuta njia ya kuuongeza.

Kibwana akasema, "Mwalimu, dau liko pale. Weka kitu unachokithamini au utupe." Nami nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu ninachokithamini. Nikaweka haki yangu ya kumpa mpwa wangu jina. Madereva walivua kofia. Nafasi ya kushindwa ilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Kibwana ni fundi cherehani, pini alikuwa nayo. Alilaza mbili zote nne, na nne za namna moja humshinda hata malkia.

Hana mtoto, mzee yule. Akasema kijana aitwe Kibwana.

Sikusema kwa sababu nilitaka kulishinda tena kimyakimya, usijue. Nimejaribu mara nne. Madereva wanasema nikipata karata nzuri naimba wimbo wa Noeli puani, wote wanatupa. Mimi sijawahi kujisikia. Ni kweli?

Nisamehe.

Laurenti


Kipatimu, 14 Juni 1953

Kaka, shikamoo.

Ni kweli. Wimbo wa Noeli, ubeti wa pili. Maandazi yale tuliyajua hivyo hivyo.

Nimekasirika siku tatu, siku ya nne nilikuwa na nguo za kufua. Basi. Sehemu inayofuata umsomee Kibwana kwa sauti, taratibu, na mbele ya watu.

Mzee Kibwana, shikamoo. Nasikia umeshinda jina la mtoto wangu. Karibu kwenye ukoo. Kwetu anayempa mtoto jina lake ndiye somo wake, na somo si neno la kupamba. Somo humvika mtoto kila mwaka mpaka aoe au aolewe. Humnyoa nywele za kwanza kwa mkono wake. Hupanda huku mlimani akambeba mgongoni nyumba hadi nyumba, na nyumba zetu hazikukaribiana. Mtoto akiugua usiku somo huamka, awe mahali popote alipo. Tena bibi wa mtoto, upande wa baba, hukaa kwa somo mwezi mmoja baada ya mavuno. Bibi Natalia ameanza kufunga mzigo. Anapenda wali, hapendi kelele za cherehani, na ana maoni.

Sasa iliyobaki usimsomee.

Akiisha kusikia hayo atakubali kucheza nawe tena, mara moja, kwa jina. Wewe weka mwavuli wako. Lakini chezeni kwa korosho ambazo hazijabanguliwa. Zikiwa na maganda yake na yale mafuta yake ya kuunguza, hata wewe huwezi kuzila. Na ukianza kusikia wimbo puani, fikiria kidole cha mama mkwe wangu.

Habari za jino sikuandikii. Barua zinapita mikono mingi na mama mkwe ana rafiki Kilwa anayejua kusoma.

Nakupenda, kaka. Lakini ukirudi na jina la Kibwana, usirudi.

Apolonia


Mingoyo, 1 Julai 1953

Apolonia,

Nakuandikia kwa sababu kusema siwezi.

Kibwana nilimsomea. Akauliza maoni ya Bibi Natalia ni juu ya mambo gani. Nikamwambia yote. Akakubali mchezo.

Tulicheza Jumamosi mchana kibandani kwake, korosho na maganda yake, kama ulivyoagiza. Mkono wa tatu nikaanza kufikiri. Unajua kilichotokea. Niliitia mdomoni na ganda lake nikaiuma katikati.

Midomo iliumuka kama maandazi mawili. Machozi yakanitoka, kisha hata machozi yakaona hakuna pa kupita. Wimbo wa puani ukafa, kwa sababu pua nayo ilikuwa imefunga. Dereva mmoja akataka mchezo usimamishwe, nikakataa kwa mkono. Nikaangalia karata zangu: jozi ya tatu, na takataka. Hapo kwa hesabu mtu hutupa. Lakini sikuweza kusema "natupa". Nilijaribu, ikatoka sauti ambayo wote walidhani naongeza dau. Basi nikasukuma korosho zote mbele, na mwavuli.

Kibwana alinitazama usoni kwa muda mrefu sana. Hakukuwa na kitu cha kusoma. Akatazama karata zake, akanitazama tena midomo, akazitupa zimefunikwa. Jina limerudi, Apolonia. Nimemshinda kwa uso. Sikujua kama ninao.

Halafu akaenda ndani akaniletea mafuta ya nazi. Ni mtu mwema. Anasema atakuja huko hata hivyo, kwa kuwa nguo za kijana amekwisha zishona.

Yale majina kumi na moja nimeyachoma. Miezi yote hii nimeishi na mambo ambayo labda yatakuwa, labda hayatakuwa, na nimechoka na labda. Mtoto aitwe Hakika.

Mjomba wake,
Laurenti


Kipatimu, 20 Julai 1953

Kaka Laurenti, shikamoo.

Mama anakusalimu, mguu umetulia kwa kiangazi, anasema midomo uipake asali. Romani anakushukuru. Ignasi amemeza mbegu ya ukwaju, lakini sasa tuna uzoefu.

Jina lilifika Jumatano. Nililisoma mbele ya watu wote, mama mkwe akiwa mstari wa mbele. Alhamisi "tukaona" jino. Mama mkwe aligusa akasema, "Jino hili si la jana." Nikasema watoto wa siku hizi meno yao yana haraka.

Kaka, jino limetoka tangu mwisho wa Mei. Kila nilipomsikia mama mkwe akibisha hodi nilimweka mtoto titini, kidole kisipate pa kuingia. Siku moja mtoto aliniuma kwa jino hilohilo, sawasawa, mama mkwe amekaa mbele yangu ananitazama usoni. Nilitabasamu nikamuuliza habari za mahindi yake. Alinieleza shamba zima, kutoka mwanzo.

Jambo la pili. Uliandika kidume. Ukaandika kijana. Nikasema nisiseme kitu, ngoja nione mwalimu wa hesabu atauliza lini. Barua nne umeniandikia, umejua mikono yote ya karata iliyopo duniani, na hukuuliza swali lenye majibu mawili tu. Ni binti. Padre alimwandika Emerensiana. Bahati yako Hakika linamkaa.

Kibwana amekuja, amekaa nasi siku tano. Yale mambo ya somo nusu yake niliyazua jikoni nikikoroga uji, lakini yeye aliyafanya yote, hata ya nyumba hadi nyumba, amembeba mwenyewe na miaka yake ile. Alileta suruali ndogo ya kaki, na kikoti. Nilipomwambia, "Fundi, huyu ni msichana," aliitazama suruali muda mrefu. Kisha akaomba mkasi. Kabla ya chakula suruali ilikuwa gauni, na shingoni ameshona kile kifungo chetu. Historia yake nilimweleza baadaye. Alisema kifungo kizuri hakina historia.

Bibi Natalia ameondoka naye kwenda Mingoyo kwa ule mwezi mmoja. Hilo nililizua mimi, lakini nani alikuwa wa kumzuia? Amekwisha mwambia fundi kwamba kanzu yake imekaa upande. Lile birika la maua alilolishinda Kibwana ameniachia. Maji ya Hakika yanachemkia humo.

Siku ya mwisho, tukinywa chai, aliniambia alikuwa ameshika karata gani Jumamosi ile alipozitupa. Alinitajia zote tano, akacheka mpaka akashika ubavu, akaniomba nisikuandikie. Sikuandikii.

Mwavuli uutundike mahali utakapoonekana. Kwa hakika, kaka, ulimshinda.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Hakika